Dome Juu ya Mti

Sajini Musyimi alikuwa ameona vitu vingi vikining'inia mitini tangu aanze kazi ya upelelezi, na vingi havisimuliki watu wakiwa mezani. Hiki cha Kyuso hakikuwa na mwenzake. Kilikuwa kipande cha wavu wa buluu, kimenasa kwenye tawi la mgunga chini kidogo ya mzinga wa nyuki, na katika matundu yake alinasa kiumbe mkavu asiyezidi kidole gumba. Alikuwa na macho makubwa yaliyosinyaa, na usoni ameota kitu kama ndevu.

"Afande, usiguse hiyo kitu," alisema Kaveke, jirani aliyekiona kwanza. Kaveke alikuwa na mbuzi wengi na maneno mengi, na pale kijijini hakuna aliyejua kipi kilizidi kingine. "Hiyo ni uchawi. Mimi uchawi nikiuona naujua."

"Ulishawahi kuuona wapi?"

"Sijawahi."

"Sasa umeujuaje?"

Kaveke akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake walikuwa wakiingia kwenye ndengu za watu, akaenda kuwafukuza.

Musyimi akavua koti, akapanda. Umri wake haukuwa wa kupanda miti, na mgunga ulimkumbusha hilo kwa miiba yake. Mzinga ulikuwa gogo lililochongwa, na ubavuni ulikuwa na alama iliyochomwa kwa moto. Alama ile ilikuwa ya Nzioka, mwenye boma lililokuwa hatua chache kutoka pale mtini, na Nzioka alikuwa marehemu kwa mujibu wa serikali.

Habari yake ilikuwa fupi na mbaya. Mwaka juzi Nzioka alikutana na mdogo wake, Mutisya, katika nyumba ya wageni Mtito Andei, wakagombana juu ya shamba la baba yao. Majirani wa chumba walisikia makofi na kelele. Asubuhi kulikuwa na damu kwenye shuka na Nzioka hakuwepo. Mwili haukupatikana. Inspekta Mbuvi, mkubwa wa Musyimi kule Wote, alisema pori la Tsavo liko mlangoni na fisi hawaachi risiti. Mutisya akatiwa rumande, kesi ikasikizwa Makueni, na sasa hukumu ilikuwa inasomwa Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kilichomtatiza Musyimi juu ya ule mti hakikuwa yule kiumbe peke yake. Ukambani mtu anaweza kukuibia mbuzi, akakuibia hata mlango wa choo, lakini mzinga wenye alama ya mwingine haugusi, na wa mtu aliyepotea ndiyo kabisa. Huu ulikuwa umefunguliwa. Udongo uliozibia kifuniko ulikuwa mpya. Isitoshe, mwizi hupasua akachukua vyote akakimbia, lakini aliyevuna hapa aliacha masega ya watoto wa nyuki, akaziba vizuri kama mtu anayetarajia kurudi.

Alipokuwa akishuka aliona jiwe bapa chini ya mti. Lilikuwa safi, na sisimizi walikuwa wakilizunguka bila kuondoka.

Kasiva, mke wa Nzioka, alimkaribisha jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, wa kujibu kilichoulizwa na kuachia hapo. Binti yake wa pekee, Kathini, alikuwa ameolewa Wote. Boma lilikuwa limefagiliwa likang'aa, lakini kulikuwa na kiti kimoja tu nje, na kamba ya nguo ilikuwa na leso moja.

"Mama Kathini, nani amefungua ule mzinga?"

"Sijui, afande."

"Hukusikia mtu?"

"Upepo wa hapa una kelele."

"Na asali yenyewe? Hujaletewa hata kidogo?"

"Asali haijaingia hii nyumba tangu Baba Kathini apotee." Akamsogezea kikombe cha uji wa mtama. "Kunywa. Sukari imeisha, utanisamehe. Sokoni ni mpaka wiki ijayo."

Musyimi aliunywa kwa njaa ya safari hadi akaona chini ya kikombe, akaongezwa, akashukuru. Pembeni mwa jiko iliinamishwa sufuria kubwa nyeusi, ya kupikia watu wa matanga, na alijiuliza mtu mmoja anaihitaji ya nini. Hakuuliza. Aliutia ule wavu kwenye mfuko wa ushahidi, akaondoka.

*

Mwingi kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumsaidia, na bahati ilikuwa kwamba hakuwa na la kufanya. Daktari Nasreen, binti wa mfanyabiashara Yakub, alikuwa ametumia nusu ya maisha yake Mombasa akichunguza viumbe wa baharini. Baba yake alipopooza, akarudi Mwingi kumuuguza. Dukani kwao waliuza magodoro na taa za sola. Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu ya chupa, na ndani ya chupa viumbe vya rangi ya maziwa vikimtazama kila aingiaye.

"Sajini," alisema akivuta kiti, "tangu nirudi huku, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza swali la bahari. Wengine huniuliza bei ya magodoro."

Alimlaza yule kiumbe kwenye bakuli la maji ya chumvi, akamwacha alainike, wakanywa chai. Baba yake aliita kutoka chumba cha pili, akaenda, akarudi. Kisha akavaa miwani, akachukua kisu chembamba, akampasua mgongoni na kuchomoa kitu cheupe, chepesi, chenye ncha, kama ukucha mrefu.

"Huyu ni dome. Watu wengi humwita ngisi kwa mkato, lakini ngisi hana mfupa wa namna hii."

"Mtoto wa dome?"

"Hapo ndipo hata sisi hukosea. Tukiona mdogo tunasema mtoto." Alifungua tumbo, akamsogezea kioo cha kukuzia. "Tazama."

Musyimi akaona punje nyingi za mviringo zilizobanana.

"Mayai," alisema Nasreen. "Yamekomaa. Huyu ni mama mzima, hangekua tena. Kuna dome wa kujaza sufuria, na kuna aina chache ambazo utu uzima wao ndio huu. Jina lake kamili siwezi kukuapia mpaka nimlinganishe na wale wa maabara, lakini jamaa zake nawafahamu."

"Wanaishi wapi?"

"Nje ya mwamba, chini sana, penye tope na mwanga hafifu. Mvuvi wa mtumbwi hamfikii."

"Lakini Daktari, mifupa kama hii nimeiona imelala ufuoni. Nilifanya kazi Mombasa zamani."

"Mfupa huelea. Dome akifa nyama huliwa, mfupa unapanda juu na kwenda unakopelekwa. Unaweza kuuokota mahali ambapo mwenyewe hajawahi kuishi hata siku moja." Akamgusa yule kiumbe kwa ncha ya kisu. "Mfupa husafiri. Nyama haisafiri. Huyu ana ngozi, ana macho, ana mayai. Alitolewa kule chini na meli ya kukokota nyavu, na wavu wenyewe ndio huu ulioniletea."

Musyimi akatoka uani, akampigia Inspekta Mbuvi. Mbuvi alisikiliza kwa pumzi nzito.

"Sajini, Mtito Andei lori za samaki zinapita kila siku. Hiyo takataka yako inaweza kuwa imeanguka kwa lori, Mutisya akaiokota, akaenda kuitundika huko kwa ndugu yake kutuzubaisha. Hiyo si kitu."

Hilo lilikuwa na maana, na Musyimi hakulipenda. Akarudi ndani akamweleza Nasreen.

"Dome huyu haendi sokoni," alisema Nasreen. "Hana bei. Wakubwa wanauzwa, wadogo wa namna hii hutupwa baharini pamoja na takataka. Anayebaki ni yule aliyenasa asionekane. Wavu ukichakaa hukatwa palepale melini, na vipande huokotwa na mabaharia, wakavifanya mifuko na kamba."

"Amekufa lini?"

"Majuma machache. Angekuwa wa mwaka jana, wadudu wangemla akabaki unga."

Mwaka jana mzima, na huu wote mpaka leo, Mutisya alikuwa nyuma ya kufuli. Musyimi akapiga simu tena, na safari hii alizungumza polepole. Mtu aliyekuwa kwenye meli ya kukokota nyavu alifika Kyuso majuzi. Alijua mti ulipo. Hakuogopa alama ya mzinga. Alishusha masega kwa kipande cha wavu, kikanasa tawini, akakiacha.

"Unataka nimwambie jaji kwamba maiti yetu inavua samaki?"

"Ndiyo, afande."

Mbuvi akaguna. "Basi lete mtu. Si mnyama. Mtu aliyemwona kwa macho yake. Na Jumatatu ni Jumatatu."

Meli za namna hiyo si nyingi, na koplo wa bandari ya Mombasa aliyeitwa Hamisi, ambaye Musyimi alimpigia, hakuchelewa kuzipitia. Alipiga simu jua likielekea kuzama.

"Sajini, mtu wako nadhani nimempata, na nimemkosa. Kuna Mkamba mmoja, mkimya, anajiita Kimeu. Wenziwe wanasema hana jamaa. Lakini kila akipewa ruhusa hurudi na asali akawagawia."

"Yuko wapi?"

"Baharini. Meli imeng'oa nanga jana, hairudi karibuni. Nimemwomba nahodha amwite kwenye simu. Nikamuuliza, wewe ni Nzioka wa Kyuso? Ndugu yako yuko hatarini."

"Akasema?"

"Akasema yeye ni Kimeu, na Kyuso hakujui. Kisha akamrudishia nahodha simu."

Musyimi aliaga. Nasreen alikuwa amemtia yule dome kwenye chupa, anaandika kibandiko.

"Nimwandikeje mahali alipopatikana?" aliuliza. "Kyuso, juu ya mti?" Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Maskini, amekuja mbali."

"Andika," alisema Musyimi. "Ndiyo kweli."

Alilala Mwingi katika chumba chenye kitanda kimoja na msumari mmoja wa kutundikia koti. Nyumbani kwake Wote hakukuwa na tofauti kubwa, ila misumari ilikuwa miwili na mmoja haukutumika tangu mkewe afariki.

*

Asubuhi aliingia kwenye hoteli ya jirani akaagiza uji wa mtama. Aliuonja, akakunja uso. Ulikuwa mchachu wa kukaza meno.

"Sukari iko hapo kwa kopo, baba," alisema mhudumu. "Huo uji hauendi bila kitu."

Musyimi akachota sukari, akaikoroga. Mkono wake ukasimama ndani ya kikombe.

Jana alikunywa vikombe viwili vya uji kama huu, sukari imeisha, na hakukunja uso. Akakumbuka utamu wake, ule mzito unaobaki kooni. Akakumbuka sisimizi wakilizunguka jiwe safi. Mchovya asali hachovyi mara moja, walisema wahenga, na inaelekea hata anayewekewa asali jiweni hakatai.

Aliacha uji mezani, akalipa, akaelekea Kyuso.

Kasiva alikuwa mlangoni, ana ungo wa ndengu magotini. Alimwona akishuka garini peke yake, akaweka ungo chini.

"Mama Kathini," alisema Musyimi baada ya salamu, "uji wako wa jana ulikuwa na asali."

Kuku wawili wakaja wakadonoa ndengu ungoni na Kasiva hakuwafukuza. Mwishowe akaingia jikoni, akatoka na kibuyu, akakiweka kati yao.

"Nilikupa bila kufikiria," alisema. "Umekuja na njaa, na uji bila kitu ni aibu kumpa mgeni."

"Alikuja mara ngapi?"

"Kila msimu wa asali."

"Ulimwona?"

"Mara ya kwanza nilifikiria ni mwizi. Nikasimama hapa hapa mlangoni. Giza ilikuwa imeingia. Halafu akakohoa." Aliitazama njia ya kwenda mtini. "Kikohozi ya mtu mmelala chumba moja hiyo miaka yote, huwezi ipoteza. Mwezi ukatoka nikaona uso. Nikarudi jikoni nikawasha moto, nikabandika maji ya kuoga, ile sufuria kubwa, kwa sababu anapenda mengi. Nikasema, atashuka, ataoga, atakula. Maneno ni kesho."

"Halafu?"

"Maji ikachemka. Ikapoa. Asubuhi nikakuta sega kwa jiwe, amefunika na majani."

"Hukumwita?"

"Mtu huitwa kwake mwenyewe, afande?"

Musyimi alikuwa na daftari mkononi na hakuwa ameandika neno. "Na mara ya pili?"

"Nikabandika maji tena." Sauti yake haikupanda. "Na majuzi, tena."

Upepo wa kule ulikuwa na kelele kweli. Uliyumbisha leso kwenye kamba, ukaiacha.

"Mutisya anahukumiwa Jumatatu," alisema Musyimi. "Kwa kumuua mtu anayevuna asali."

"Najua."

"Anaweza kufungwa maisha."

"Najua! Unafikiri nalala?" Kasiva akafunika uso kwa kiganja, akakitoa. "Mutisya alinijengea hii jikoni na mikono yake. Lakini nikisema Nzioka ako hai, watu watauliza mbona hakuingia. Hata wewe umetaka kuuliza, nimekuona. Saa hii nikiingia kanisani wananipisha kiti. Wananiletea maji, wananilimia. Mjane hupewa pole. Mwenye ameachwa anapewa nini?"

Musyimi alimhurumia mpaka akakasirika, na hakujua akasirikie nani.

"Mlimpata?" Kasiva aliuliza.

"Kwa simu. Yuko melini, mbali."

"Mkamwambia habari ya ndugu yake?"

"Aliambiwa."

"Akasema nini?"

Kwa kazi yake Musyimi alikuwa amepeleka habari za vifo vingi, na alijua namna ya kuzipeleka. Hii haikuwa na namna. "Alisema yeye si Nzioka. Alisema Kyuso hakujui."

Kasiva alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia. Akawafukuza kuku. Akachukua ungo, akaupepeta mara moja, akaurudisha chini.

"Mimi nilifikiria ananionea aibu," alisema. "Mtu wa aibu unaweza kumngojea. Lakini huyo amekataa hata Mutisya." Akajifuta mikono kwa leso. "Andika, afande. Nilimwona, kila msimu, huo uso kwa mwanga ya mwezi. Nitakuja Makueni nisimame mbele ya jaji niseme hivyo, na wacha kanisa lisikie."

Musyimi aliandika. Aliandika mahali aliposimama, jinsi mwezi ulivyokuwa, shati alilovaa yule mtu, kovu la nyuki juu ya jicho ambalo mkewe pekee angelikumbuka upande wake. Alimsomea yote, naye akasahihisha mahali pawili. Ilikuwa taarifa nzuri. Mbuvi angeguna, lakini angeipeleka.

Ilibaki sehemu moja juu ya karatasi.

"Hapa wanataka hali ya ndoa," alisema Musyimi. "Mara ya mwisho waliandika mjane. Sasa niandike vipi?"

"Andika Kasiva," alisema. "Hiyo nina uhakika nayo."

Aliweka sahihi. Kisha akaziba kibuyu kwa gunzi la mahindi, akakifunga kwa kitambaa, akamwekea mikononi.

"Mpelekee Mutisya. Mwambie ni ya kwa kaka yake. Mwambie mimi ndiye nimechelewa kuileta."

Musyimi akakipokea kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu kitu cha mkwe. Alipoligeuza gari langoni alimwona Kasiva akiitoa ile sufuria kubwa jikoni. Aliipeleka mpaka mlangoni, akamwaga ndani yake ndengu zote za ungo, akaketi chini kuzichambua.